Wengu wa Wachina na Bandama ya Watu wa Ziwani

Kuanzia Agosti hadi mvua za vuli zinaposhuka, jua la Chato huwa kali, vumbi hupanda hadi madirishani, na lalamiko moja husikika katika nyumba nyingi: tumbo limejaa. Baba hulegeza mkanda baada ya chakula cha mchana. Mama husema magauni yamembana tangu mwezi uliopita ilhali halii chakula kingi. Vijana wanaorudi kutoka machimboni na wale wa mialoni hununua soda baridi mbili kwa pamoja, wakazimaliza kabla hawajaketi, kisha usiku hulalamikia gesi na kiungulia. Kwa kuwa msikiti ni mahali watu wanapokutana, malalamiko hayo hatimaye hufika msikitini, na mwenye kuyapokea kwa maandishi ni katibu.

Mwaka jana lilinifikia katika sura ambayo sikuitarajia. Muuzaji mmoja wa dawa aliiandikia kamati yetu barua akiomba ruhusa ya kutangaza chai ya Kichina baada ya swala ya Ijumaa. Aliandika kwa adabu na kwa lugha nzuri. Alieleza kwamba joto huleta unyevu mwilini, kwamba unyevu huudhoofisha wengu, na kwamba wengu ukidhoofika tumbo hujaa na uzito huongezeka. Chai yake, alisema, hukausha unyevu huo ndani ya siku 14. Mwishoni mwa barua aliahidi kutoa sehemu ya mauzo kwa ajili ya kukamilisha mahali petu pa kutawadhia, ambapo hadi siku hiyo palikuwa hapajaezekwa.

Ahadi hiyo ilikuwa na uzito wake. Waumini wetu si matajiri, na kila mchango wa ujenzi hukusanywa kwa subira. Mzee mmoja katika kamati alisema haoni sababu ya kukataa, kwani Wachina si wageni katika afya ya nchi hii. Alikuwa na hoja. Madaktari kutoka jimbo la Jiangsu walianza kutumwa Zanzibar mwaka 1964, na wenzao wa jimbo la Shandong wakaanza kuja Tanzania Bara mwaka 1968. Mwaka 1987 Muhimbili ilianza ushirikiano na Wachina wa kutumia tiba yao ya asili kwa wagonjwa wa UKIMWI. Na dawa mseto tunayopewa leo tunapougua malaria imetokana na mmea ambao Wachina waliutumia kwa homa tangu kale. Bibi Tu Youyou aliyeongoza utafiti wake alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwenyekiti aliamua suala hilo lisubiri kikao kingine, akaniagiza nilichunguze, kwa kuwa chuoni nilisoma kidogo historia ya utabibu wa Waislamu. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapeleka katika kikao hicho, pamoja na jambo moja lililotokea katika ukoo wetu kabla kikao hakijakaa.

Kwanza nilitaka kuwatendea haki matabibu wa Uchina. Je, maneno ya barua ile ni yao kweli, au ni ya soko tu? Nilikuta kwamba msingi wake ni wao. Katika elimu yao ya kale, ambayo kitabu chake kikuu, Huangdi Neijing, kina umri wa takriban miaka 2,000, mwili hutazamwa kama nchi yenye majira. Joto, baridi, ukavu, unyevu na upepo vilivyo nje huwa na mfano wake ndani. Mwisho wa kiangazi huhusishwa na unyevu, na kiungo chake ni wengu. Wao husema kwamba wengu na tumbo ndivyo vinavyokipokea chakula, vikakigeuza kuwa nguvu na kuisambaza mwilini. Wengu ukichoka, chakula hakigeuki vizuri. Hubaki kama maji yaliyotuama. Mtu huhisi mzito, tumbo hujaa, miguu huvimba, ulimi huwa na utando, na usingizi humjia mchana.

Wakaeleza pia kwa nini jambo hili hutokea zaidi wakati wa joto. Mtu mwenye kiu hukimbilia vinywaji baridi, matunda mengi mabichi na vitu vitamu. Kwao tumbo ni kama chungu kilichoko jikoni: ukikimwagia maji baridi kila saa, hakichemki. Ndiyo maana wengi wao hunywa maji ya moto hata wakati wa jua kali, na hupenda kutia tangawizi katika chakula cha majira hayo. Ladha tamu huhusishwa na wengu: kidogo chake huusaidia, kingi huuzamisha. Kitabu hicho cha kale kimekwisha kusema kwamba mtu anenepaye kwa kula vitu vitamu na vyenye mafuta hatimaye hupatwa na maradhi ya kiu isiyokwisha. Anayeyajua maradhi ya kisukari hatashindwa kuona walichokuwa wakikiangalia.

Maneno haya hayapaswi kuwa mageni kwetu. Kiswahili chenyewe kinabeba mabaki ya utabibu unaofanana nao. Tunapoyaita maumivu ya viungo baridi yabisi, tunasema bila kukusudia kwamba ni maradhi ya baridi na ukavu, kama walivyosema matabibu waliomfuata Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Tunapotaja balghamu, tunataja mojawapo ya majimaji manne ambayo matabibu hao waliamini kwamba afya husimama kwa kulingana kwake. Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwa Mama Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akila tikiti pamoja na tende, akieleza kwamba joto la kimoja huvunjwa na baridi ya kingine. Mizani ya chakula, basi, ni jambo ambalo Waislamu wamelifahamu tangu mwanzo.

Wala si mara ya kwanza Waislamu kukaa na vitabu vya Wachina. Mwaka 1313, Rashid al-Din, waziri na tabibu aliyeishi Tabriz, alisimamia kutafsiriwa kwa elimu ya tiba ya Kichina katika Kiajemi. Huko Uchina kwenyewe, Waislamu walikuwa na kitabu kikubwa cha dawa kilichochanganya elimu ya Waarabu na Waajemi na lugha ya Kichina, na sehemu zake chache zimebaki hadi leo. Wazee hao hawakuikataa elimu kwa kuwa imetoka mbali. Waliichukua, wakaipima, wakaiandika kwa lugha ambayo watu wao waliielewa.

Nami nilipojaribu kuipima kwa hali ya Chato, niliona mambo mawili. La kwanza ni kwamba kiangazi chao si kiangazi chetu. Katika sehemu kubwa ya Uchina, Juni hadi Agosti ni miezi ya joto na mvua kwa pamoja. Nguo hazikauki, kuta hutoa jasho, na hapo ndipo neno unyevu linapata maana. Kwetu miezi hiyo ni mikavu, na joto linalofuata huja na vumbi. Muuzaji anayeyachukua maneno ya majira ya Uchina na kuyabandika juu ya jua la Geita ameuza tafsiri isiyokamilika.

La pili ni kwamba ushauri wenyewe, ukiuondoa katika pakiti, bado una faida. Tumbo letu la msimu wa jua lina sababu zinazoonekana. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na sukari inayokaribia vijiko 8 au 9 vya chai, pamoja na gesi. Michembe na matobolwa, vyakula vyetu vya asili wakati akiba ya viazi imekaushwa, ni vizuri, lakini vikiliwa vingi pamoja na maharage huchachuka katika utumbo na kutoa gesi. Joto hupanua mishipa, na maji hushuka miguuni, hasa kwa aliyekula chumvi nyingi, kama ile ya samaki waliokaushwa kwa chumvi. Mchana tunaepuka kutembea kwa sababu ya jua, usiku tunakula saa tatu au saa nne kisha tunalala papo hapo. Mtu wa namna hiyo akiambiwa wengu wake umechoka, na akiambiwa amekula vibaya, ameambiwa jambo moja kwa lugha mbili.

Tabibu wa Uchina aliyenivutia zaidi ni Li Gao, aliyeishi kati ya mwaka 1180 na 1251. Mji wa Kaifeng ulipozingirwa na jeshi la Wamongolia mwaka 1232, watu wengi waliugua na kufa. Matabibu wengine walidai ni baridi iliyowaingia kutoka nje. Yeye akasema hapana: njaa, hofu, uchovu na kula bila mpango vimewaharibu matumbo, na dawa kali zinazowaharisha zinawamalizia. Mwaka 1249 akaandika kitabu kizima juu ya wengu na tumbo. Ndugu msomaji, tabibu mkubwa kuliko wote katika mlango huu wa wengu alionya dhidi ya kumharisha mtu aliyedhoofika. Mtu akija kwako na jina la wengu huku ameshika dawa ya kuharisha, ameuacha upande mmoja wa elimu anayoitaja.

Hapo ndipo nilipoitazama pakiti yenyewe. Muuzaji alikuwa ameacha mbili kwa kamati. Orodha ya vilivyomo iliandikwa kwa Kichina, na chini yake maneno machache ya Kiingereza. Kijana mmoja wa msikitini anayefanya kazi na Wachina alitusomea kiungo cha kwanza, jina ambalo kwa tafsiri ni jani la kigeni la kuharisha. Nililicheka nilipojua ni jani gani: ni sanamaki, sana ya Makka, ambayo bibi zetu waliichemsha kwa aliyefunga choo, na ambayo imetajwa katika Hadithi. Wachina wenyewe huliita la kigeni kwa sababu lilifika kwao kutoka upande wetu wa dunia. Basi watu wa Chato walikuwa wanaombwa wanunue kwa bei kubwa, kama siri ya mashariki ya mbali, jani ambalo linauzwa sokoni kwa vipimo vya mkono.

Sanamaki ni dawa halali na yenye manufaa inapotumiwa kwa siku chache kwa mtu aliyefunga choo. Lakini haiyeyushi mafuta ya mwili. Inachotoa ni maji na choo, na mizani ikishuka leo itapanda kesho akinywa maji. Akiinywa kwa wiki nyingi, mtu hupoteza madini ambayo moyo na misuli huyahitaji, na utumbo huzoea kusukumwa.

Na hilo ni iwapo kilichoandikwa ndicho kilichomo. Mapema miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitibiwa unene huko Brussels walipewa mchanganyiko uliokuwa na mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine unaofanana nao kwa jina, na huo wa pili ulikuwa sumu ya figo. Madaktari wa mji huo walitangaza habari hiyo mwaka 1993, na hatimaye wanawake walioathirika walipindukia 100. Wengi wao figo zilikufa kabisa. Wachunguzi wa dawa katika nchi mbalimbali nao wamekuta mara kwa mara chai na vidonge vinavyoitwa vya mitishamba vikiwa vimetiwa kwa siri sibutramini, dawa ya kupunguza unene iliyoondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari yake kwa moyo.

Kwa Muislamu pana swali jingine. Baadhi ya dawa za Kichina huroweshwa katika pombe, na nyingine hutengenezwa kwa wanyama. Watu wa Shinyanga wanakumbuka machinjio ya punda, ambao ngozi zao zilitafutwa ili kuchemshwa na kufanywa dawa ya kuongeza damu; Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaafikiana kuipiga marufuku biashara hiyo ya ngozi. Sisemi kwamba chai ile ilikuwa na kitu hicho. Nasema kwamba asiyeweza kusoma orodha hawezi kujua anachokinywa.

Nilikuwa nimefika hapo katika uchunguzi wangu nilipokwenda kumjulia hali shangazi yangu, anayeanika dagaa katika mwalo mmoja wa wilaya yetu. Nilimwamkia, akaniitikia akiwa amelala, jambo ambalo si kawaida yake saa nne ya asubuhi. Tumbo lake lilikuwa limetokeza mbele kama la mja mzito, ilhali mikono na mashavu yamekonda. Nikamuuliza tangu lini.

“Tangu kabla ya Ramadhani, mwanangu. Wamesema ni unyevu kwenye wengu. Nakunywa chai yao wiki ya tano sasa. Naharisha kila siku, ila tumbo halishuki.”

Siku ya pili yake tulimpeleka hospitali. Daktari hakuanza kwa kuuliza amekula nini. Aliuliza anachota wapi maji, na kama huingia ziwani kwa miguu. Shangazi alishangaa, ameingia ziwani tangu utotoni. Walipima choo chake, wakampiga picha ya tumbo, na jibu likawa kichocho cha tumbo. Vijidudu vyake huishi ndani ya konokono wadogo wa ziwa, hutoka majini na kupenya ngozi ya mtu, kisha minyoo hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo. Mayai yake hukwama katika ini na kulitia makovu, damu hukosa njia, na bandama huvimba. Bandama, yaani wengu.

Nililitafakari jambo hilo njia nzima ya kurudi. Muuzaji alikuwa amekitaja kiungo sahihi, na maradhi yalikuwemo ndani yake kweli, lakini alikuwa anazungumza juu ya kitu kingine kabisa. Wengu wa vitabu vya Kichina ni jina la kazi: namna mwili unavyokigeuza chakula. Bandama ya shangazi yangu ilikuwa nyama iliyovimba, ambayo daktari aliishika kwa vidole chini ya mbavu. Neno moja, maana mbili, na kati ya maana hizo mbili mtu alipoteza wiki tano akiharisha.

Shangazi alipewa prazikwanteli kwa kipimo cha uzito wake, na akapangiwa kurudi kliniki kwa ajili ya ini. Tumbo halikushuka kwa siku 14, wala daktari hakumwahidi hivyo. Limepungua polepole, na amerudi kwenye dagaa zake, ingawa sasa huvaa mabuti ya mpira na huwaachia vijana kazi ya kuingia majini. Wachina nao wanayajua vizuri maradhi haya, kwa kuwa yaliwatesa kwao kwa vizazi vingi, na wataalamu wa Jiangsu wamekuja hadi Pemba kushirikiana na ndugu zetu kupambana nayo. Hawakuja na chai. Walikuja na vipimo vya maabara, dawa na elimu ya kuwaangamiza konokono.

Kikao kilipokaa niliyasoma yote hayo, pamoja na mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yaliyopokewa na Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah, kwamba mwenye kujitia utabibu ilhali hakujulikana kwa elimu hiyo, ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Niliuliza swali moja: msikiti ukitangaza dawa kutoka mimbari ile ile inayotangaza halali na haramu, nani atakuwa mdhamini? Yule mzee aliyependa tuikubali barua ndiye aliyejibu kwanza. Alisema paa la mahali pa kutawadhia linaweza kusubiri. Muhtasari unasomeka hivi: hakuna dawa itakayotangazwa wala kuuzwa katika eneo la msikiti bila usajili wa mamlaka husika na orodha ya vilivyomo kwa lugha inayosomeka, na mtaalamu wa afya aombwe kuzungumza na waumini juu ya kichocho.

Kwa wasomaji walio na tumbo lililojaa msimu huu, nawaomba waanze na kupima. Tumbo linalovimba kwa wiki kadhaa, linaloambatana na kukonda, damu katika choo, homa, macho ya manjano au kutapika, si la chai yoyote, ya Uchina au ya bibi. Sisi wa kandokando ya ziwa tuna sababu ya ziada: tuombe choo chetu kipimwe kichocho. Dada ambaye tumbo linakua bila sababu asione haya kuchunguzwa uzazi pia.

Ikiwa vipimo ni salama na jambo ni joto na ulaji, hapo ushauri wa wazee wa Uchina na mafundisho ya dini yetu yanakaa katika sinia moja. Maji ya kawaida au ya vuguvugu badala ya soda. Tangawizi kidogo katika chai isiyo na sukari nyingi. Maharage yaliyorowekwa usiku kucha na kumwagwa maji yake. Chakula cha usiku kiliwe mapema, na baada ya Isha watu watembee kidogo kabla ya kulala. Na juu ya yote hayo, theluthi tatu alizotufundisha Mtume (s.a.w.): moja ya chakula, moja ya kinywaji, na moja iachwe kwa ajili ya pumzi. Sijaona dawa ya tumbo iliyo rahisi zaidi ya hiyo, wala isiyo na gharama kama hiyo.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape elimu wanaotutibu, na atujaalie kuuliza kabla ya kunywa. Aamin.